Riwaya Zetu Zinaishia Mlangoni mwa Mahakama

Chukua riwaya yoyote ya upelelezi ya Kiswahili uliyoificha chini ya godoro, ndugu msomaji, ufungue kurasa tano za mwisho, halafu uniambie mhalifu yuko wapi. Kafa. Kama hakufa, katiwa pingu na gari la polisi linaondoka naye, vumbi linatimka. Ndo mwisho. Faraji Katalambulla alitupa Inspekta Wingo katika Simu ya Kifo mwaka 1965, Elvis Musiba akatupa Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, Ben Mtobwa akatuletea Joram Kiango, na wote hao tumewapenda mpaka majalada ya vitabu vyao yakachanika mikononi mwetu. Lakini sikumbuki hata mmoja aliyetukalisha kwenye benchi la mahakama siku tatu mfululizo, tusikilize shahidi akibanwa kwa maswali. Willy Gamba ni jasusi, kesi zake zinaamuliwa na bastola. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla yeye anavuta kiko chake, anaeleza nani kafanya nini na kwa nini, watu wanashangaa, kwisha. Hakimu wa nini tena?

Sisemi haya kuwatukana wakubwa. Mimi ni kidato cha nne tu wa huku Matema, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na hicho kidogo ninachojua kuhusu kupanga sura nilikipata kwao. Nauliza kwa sababu nina mswada wa riwaya ya mahakamani, na kila nikitafuta wa kujifunza kwake naangukia kwa Wamarekani. John Grisham unaweza kumpata kwenye meza za vitabu vya mitumba Mbeya mjini, na jamaa anajua kazi, hilo simnyimi. Ila mahakama yake siyo yetu. Kule kuna jopo la raia kumi na wawili, wakili anatembeatembea mbele yao akiwapandisha na kuwashusha mioyo, na riwaya nzima inaning'inia kwenye midomo ya hao kumi na wawili. Kijana wa Kitanzania akiibeba hiyo mahakama mzimamzima akaiweka Kisutu, msomaji yeyote aliyewahi kusindikiza ndugu kizimbani atacheka.

Ajabu ni kwamba riwaya yetu ya kisasa ilipiga kambi mahakamani mapema sana. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, na ukiondoa mafumbo yote kitabu kile ni kesi. Karama anashtakiwa kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, Waziri Majivuno ndiye anayemsomea mashtaka, mfalme ndiye jaji, na mshtakiwa anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali wakarudi na kutupwa gerezani. Hakuna bastola humo. Mtu amesimama, anaongea, na maisha yake yanategemea kama wanaomsikiliza watabadili mawazo. Wengi tuliosoma kitabu hiki shuleni tuliambiwa tutafute "dhamira" na "ujumbe", na hakuna mwalimu aliyetuonyesha kwamba ule ni mtego wa mashaka uliotegwa barabara: tangu mwanzo tunajua adhabu ni kifo, na kila hadithi anayosimulia Karama inamsogezea saa moja zaidi ya kuishi. Euphrase Kezilahabi naye, mwishoni mwa Rosa Mistika mwaka 1971, aliwapandisha Rosa na baba yake mbele ya Mungu wakahojiwa. Mahakama tulikuwa nayo. Tukaiachia magazeti.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 7 Aprili 2012 Steven Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Ilikuwa mkesha wa Pasaka, halafu ni Siku ya Karume, nchi nzima iko nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka 28 na hakukuwa na mwigizaji mkubwa kuliko yeye. Aliyekuwa naye chumbani ni mwigizaji mwenzake Elizabeth Michael, yaani Lulu. Tarehe 10 akazikwa Kinondoni mbele ya umati ambao waliokuwepo wanausimulia hadi leo, na siku iliyofuata Lulu akafikishwa mahakama ya Kisutu kwa shtaka la mauaji. Mawakili wake wakasema ana miaka 17, ashughulikiwe kama mtoto. Upande wa mashtaka ukasema ana 18. Hoja ya umri peke yake ikapanda ngazi mpaka Mahakama ya Rufani. Januari 2013 shtaka likawa limeshuka kuwa kuua bila kukusudia, akapata dhamana. Kisha kimya cha miaka. Oktoba 2017 kesi ikasikilizwa Mahakama Kuu mbele ya Jaji Sam Rumanyika, na tarehe 13 Novemba akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Mei 2018 akatoka gerezani, sehemu iliyobaki akaimalizia kifungo cha nje.

Hesabu hapo. Miaka mitano na nusu ya kusubiri, na usikilizaji wenyewe haukufika mwezi mmoja. Mtu yeyote aliyewahi kuwa na kesi anajua kule kusubiri kunaitwaje: upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa, njoo tarehe fulani. Gazeti haliwezi kuuza "kesi imeahirishwa" kila wiki. Kwa hiyo lazima lijaze nafasi, na magazeti ya udaku yana vitu vya kujazia: nguo aliyovaa mshtakiwa, machozi, nani kamsindikiza, mama wa marehemu kasema nini, mama wa mshtakiwa kajibu nini. Kufikia siku shahidi wa kwanza anasimama, sisi wasomaji tulikuwa tumeshahukumu na kusamehe na kuhukumu tena mara kumi. Mwaka 2012 nilikuwa darasa la sita. Gazeti lilitufikia likiwa limechelewa siku moja au mbili, kutoka Mbeya kuja Kyela, Kyela kwenda Ipinda, Ipinda hadi huku, na mtu mmoja alilisoma kwa sauti huku wengine wakianika usipa. Mwaka 2017 nilikuwa katikati ya mitihani ya kidato cha nne, na hukumu ilinifikia kwenye simu ya mtu kabla ya kuhoji kama ni kweli. Katika miaka yote hiyo sikusikia hata mtu mmoja akiuliza swali ambalo mwandishi wa riwaya angeuliza kwanza: tunajuaje?

Maana, hebu fikiri. Chumbani walikuwa wawili. Mmoja kafa. Aliyebaki aliieleza mahakama kwamba marehemu alimpiga kwa ubapa wa panga, kwamba alikimbilia bafuni, kwamba akiwa humo alisikia kishindo cha mtu kuanguka. Jaji alikuwa na maneno ya mtu wa mwisho kuwa na marehemu, ripoti ya daktari, na mashahidi waliofika baada ya tukio. Ushahidi wa mazingira, wanauita wanasheria. Ukitaka kujifunza namna ya kujenga mashaka katika riwaya huhitaji kwenda Marekani: kishindo kilichosikika upande wa pili wa mlango uliofungwa kinatosha sura nane. Lakini riwaya ile haikuandikwa. Tulichokula ni vichwa vya habari, na kichwa cha habari hakina mlango uliofungwa. Chenyewe kimeshaingia ndani na kuona kila kitu.

Nisieleweke vibaya. Simo katika kundi la wale wanaobinua midomo wakisikia neno udaku. Magazeti yale yalitufundisha kusoma, kwa maana ya kusoma kwa hamu. Na kuna jambo moja ambalo wahakiki wa vyuo vikuu wanaliruka: nyumba iliyochapa magazeti ya aina hiyo ndiyo iliyochapa riwaya. Eric Shigongo wa Global Publishers, yule ambaye mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa Buchosa, ni mtunzi wa hadithi za mfululizo, Rais Anampenda Mke Wangu ikiwa mojawapo, na hadithi hizo zilitoka kwa vipande gazetini. Mbele kesi ya kweli, ndani hadithi ya kubuni, na zote mbili zinakatwa palepale panapouma ili ununue toleo lijalo. Mimi nasema zilifundishana. Hadithi ikajifunza kutoka kwa habari kwamba mwovu ajulikane mapema. Habari ikajifunza kutoka kwa hadithi kwamba mtu lazima awe malaika au shetani, katikati hakuna kiti. Ndiyo maana kijana wa leo akiandika mahakama anaiandika kama ukurasa wa mbele: mshtakiwa analia, umati unazomea, jaji anagonga rungu la mbao (jaji wetu yupi huyo anayegonga rungu?), kwisha habari.

Huku kwetu Unyakyusa jambo hili la umma kuhukumu kwa mdomo lina historia ndefu kuliko magazeti. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti hapa kati ya 1934 na 1938, na katika kitabu chake Good Company, kilichotoka mwaka uleule wa Kusadikika, ameeleza imani iliyoitwa pumzi ya watu. Mtu akikosa, tuseme kamdharau mzazi wake, majirani wananung'unika. Hawamfuati, hawampigi. Wananung'unika tu, na pumzi yao inamfikia kama baridi, anatetemeka, anaugua homa, mpaka akiri kosa na kuwalisha watu. Sasa sikiliza utamu wake. Nguvu ile ya majirani iliaminika kuwa ni ileile waliyonayo wachawi. Tofauti ilikuwa nani anasimulia: majirani waliiita haki, mgonjwa aliweza kuiita uchawi. Hapo pana riwaya nzima, na hakuna wakili wala polisi aliyekwisha kutajwa! Nikikumbuka lile gazeti lililosomwa kwa sauti kwenye usipa, naiona pumzi ile ikisafiri kutoka Matema hadi Sinza, kumfikia binti ambaye hata miaka yake haijaafikiwa.

Ila pumzi hiyo huwa inachagua. Mwaka huohuo wa 2012, tarehe 2 Septemba, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu huko Nyololo, Mufindi, polisi walipovamia shughuli ya Chadema. Hapa waandishi walifanya kazi ambayo hakuna mwingine angeifanya: picha zilizopigwa na wenzake zilionyesha polisi wamemzingira muda mfupi kabla ya mlipuko, na nchi ikaona. Askari mmoja akashtakiwa kwa mauaji, na Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ikamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, miaka 15. Kosa lilelile, kwa jina lilelile la Kanuni ya Adhabu, ambalo mwaka mmoja baadaye lilimpa Lulu miaka miwili. Sheria inaruhusu hadi kifungo cha maisha, kwa hiyo kati ya miaka miwili na kumi na mitano jaji yuko ndani ya uwanja wake. Lakini mwandishi wa riwaya lazima asimame hapo aulize ndani ya hilo neno moja, kukusudia, mna vyumba vingapi. Mimi sikumbuki watu wa huku wakisubiri gazeti kwa ajili ya kesi ya Iringa. Hakukuwa na mapenzi ndani yake, nadhani, wala sura nzuri ya kuweka mbele.

Basi kama mahakama ya Grisham haitufai na mahakama ya udaku imetuharibu, tuandike ipi? Wanaotaka kuandika wasikilize mambo mawili ambayo yapo kwetu na sijaona mtu akiyatumia inavyostahili.

La kwanza ni lugha. Kwa miaka mingi shahidi katika Mahakama Kuu alisema kwa Kiswahili na kumbukumbu ikaandikwa kwa Kiingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini kesi ninazozizungumzia zilisikilizwa kabla ya hapo. Fikiria mwanamke wa Lyulilo, mfinyanzi wa Kikisi, amezoea kuuza vyungu vyake sokoni Jumamosi, anaeleza alichokiona. Anasema "nilisikia kama kitu kinadondoka, puu." Kwenye karatasi inaingia sentensi safi ya Kiingereza. Ile "kama" imekwenda wapi? Ile "puu"? Wakili akirudi kwenye rufaa anasoma karatasi, si yule mama. Katika hali hiyo, na ninalisema hili kwa shingo upande, aliyebaki na maneno yenyewe ya shahidi mara nyingi alikuwa mwandishi wa gazeti aliyekaa benchi la nyuma na daftari lake. Udaku huohuo. Mkalimani au karani wa mahakama, mtu anayeishi kati ya kauli na karatasi, ni mhusika mkuu anayesubiri mtunzi.

La pili ni wazee wa baraza. Hatuna jopo la kumi na wawili, lakini Mahakama Kuu ilikaa na raia wachache, wawili watatu, waliosikiliza ushahidi wote na kutoa maoni kabla ya jaji kuamua. Jaji hafungwi na maoni yao. Tangu 2022 hata kuwaita ni hiari ya mahakama. Katika kesi ya Lulu walikuwepo, wakasema lao. Sasa niambie: hao wazee walitoka wapi? Walitoka mitaani kwetu. Kwa miaka mitano na nusu walipanda daladala zilezile, wakanyolewa saluni zilezile, wakasikia yote. Siku wanaingia mahakamani wanaambiwa wasikilize ushahidi peke yake. Je, inawezekana? Sitoi tuhuma juu ya wazee wale, siwajui na huenda walikuwa makini kuliko sisi sote. Natafuta mhusika. Namtaka mzee mmoja, mwalimu mstaafu pengine, ambaye alishalia msibani kwa marehemu maarufu, halafu anaitwa kumsikiliza mshtakiwa, na siku ya tatu anagundua kwamba kitu anachokijua kwa uhakika kabisa hakijatamkwa na shahidi yeyote. Alikisoma. Hajui alikisoma wapi. Hapo pana mashaka kuliko Willy Gamba na bastola tano.

Limebaki suala la jina, na hili linanihusu moja kwa moja. Mchapishaji mmoja aliyeusoma mpango wa mswada wangu alinishauri nimpe mshtakiwa wangu jina la kumkumbusha msomaji kesi ile, "hata herufi ya kwanza tu, kijana, kitabu kitajiuza." Anajua biashara kuliko mimi na sina hela ya kuchapa mwenyewe. Nimekataa hata hivyo. Yule binti alishamaliza adhabu yake Novemba 2018, ana maisha yake. Nikimchukua jina nitakuwa nimeongeza toleo moja tu kwenye yale ya zamani, na pia nitakuwa nimejinyima kazi yenyewe, maana msomaji ataingia kitabuni akiwa na hukumu mfukoni. Mshtakiwa wangu anatoka kijiji cha huku ziwani, marehemu ni mwimbaji wa kwaya aliyepata umaarufu, na kesi inasikilizwa Mbeya. Mlango umefungwa. Mimi mwenyewe sijaandika kilichotokea ndani na sina mpango wa kukiandika.

Kuna marafiki wanaoniambia msomaji atakasirika, atataka kujua nani muuaji, alilipa hela yake. Pengine. Bwana Msa alituzoesha kuelezwa. Lakini wasomaji wa Kusadikika hawajakasirika, na mle hakuna muuaji.

Shida yangu sasa ni ya kawaida kabisa: sijawahi kukaa na mzee wa baraza. Ninayemwandika nimemtoa kichwani, anaongea kama mjomba wangu. Kama kuna msomaji ambaye baba, mama au jirani yake aliwahi kuitwa Mahakama Kuu, Mbeya au kwingineko, naomba aniandikie kupitia kwa mhariri. Sihitaji kujua kesi ilikuwa ya nani. Nataka kujua walikaa wapi, walikula nini mchana, walipewa posho saa ngapi, kama waliruhusiwa kuuliza swali na waliuliza lipi, na usiku, wakirudi walikolala, kama kulikuwa na gazeti mezani na walifanya nini nalo.